Siku Niliyozima Rigi Sigalame

Kisima cha kwanza nilichopewa nikisimamie mwenyewe nilikiua kwa kukisafisha kupita kiasi. Kilikuwa Rukala, kwenye tambarare ya Nzoia ambako mchanga uko chini ya kila kitu, hata chini ya nyumba za watu. Tulikuwa tumeshachimba, tumeshusha mabomba ya plastiki ya kuzuia kuta zisianguke, na tumemwaga kokoto kuyazunguka. Kazi iliyobaki ilikuwa kupuliza hewa ndani mpaka maji machafu yaishe na masafi yaje. Yalikuja kabla ya chakula cha mchana. Mama mwenye boma alikinga glasi, akainywa yote, akasema ni matamu. Mimi nikainua yangu juani nikaona chembe. Moja, labda mbili. Nikaendelea kupuliza. Nilipuliza mpaka jioni nikitafuta maji ambayo hayapo popote duniani, na muda wote huo nilikuwa navuta mchanga mwembamba kutoka nyuma ya kokoto bila kujua. Mwishowe ardhi kandokando ya bomba ikaanza kushuka taratibu, bomba likapinda, na kilichotoka baada ya hapo kilikuwa uji.

Mama yule hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si yale ya saa sita yalikuwa mazuri?"

Nimeanza na Rukala ili ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii msije mkasoma yanayofuata mkadhani najisifu. Kuna jambo moja katika miaka yangu ya kazi ambalo sitaliombea msamaha, nami nitalifikia. Lakini si hilo la Rukala.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na saba. Majirani zangu hapa Malaba wanaona ni mzaha. Jamaa mwenye duka la simu kando ya nyumba yangu huniita "mstaafu bila mvi," na kila akiniona nikiota jua asubuhi huuliza kama pensheni imeingia. Hunibidi nimwangalie midomo ndiyo nielewe anasema nini. Masikio yangu ndiyo yaliyostaafu kwanza, mimi nikayafuata. Nyundo ya hewa ikigonga mwamba kila siku kwa miaka, na wewe umesimama hatua chache kutoka hapo na pamba tu masikioni kwa sababu vile vizibo vizuri vinakuzuia kusikia mashine, haihitaji daktari kukuambia yatakayotokea. Hata hivyo nilienda kwa daktari, maana mimi ni mtu wa kuhakikisha. Akaniambia yale yale.

Vijana wananiuliza swali moja zaidi ya yote. "Brathe, mchimbaji wa visima vya mafuta analipwa ngapi?" Wanasikia habari za mafuta upande wa Uganda, wanasikia za Turkana, wanaona malori ya mabomba makubwa yakipita mpakani, na wanataka nitaje pesa. Sitataja. Mshahara wangu ulinitosha nikiwa sijaoa na haukunitosha nilipooa, na hilo halitamfundisha mtu kuchimba. Niulizeni mchimbaji anafanya nini kutwa nzima ili aupate huo mshahara, hapo nitazungumza mpaka mchoke.

Sikusomea kazi hii. Baada ya kidato cha nne hapakuwa na karo ya kunipeleka chuo, nikaanza kutengeneza paipu za haidroli kwenye foleni ya malori hapa Malaba. Foleni ikiwa ndefu, lori linaweza kukaa siku nzima bila kusogea, na dereva asiye na la kufanya hugundua vitu vingi vinavyovuja. Nilikuwa na spana chache na simu yenye kioo kilichopasuka ambayo nilitazamia video za ufundi. Nilikuwa nafunga nati, naifungua, naifunga tena. Madereva wa Uganda walinicheka. "Ssebo, bwana wewe, hiyo nati imekukosea nini?" Lakini walirudi, kwa sababu nilichokuwa nimefunga hakikuvuja.

Siku moja lori la kuchimbia visima, lile tunaloita rigi, lilikwama hapo foleni na paipu iliyopasuka. Lilikuwa linarudi kutoka matengenezo ng'ambo. Pamoja nalo alikuwa mtu wa Amagoro, Mteso mrefu mwenye ovaroli lililofuliwa mpaka halina rangi, Mzee Omuse. Alisimama nyuma yangu kimya nilipokuwa nikirekebisha. Nilipomaliza nikaanza kukagua paipu zingine ambazo hakuna aliyeniomba nizikague.

"Wewe," akasema, "umeoa?"

"Bado, mzee."

"Vizuri. Panda juu. Tunaenda Matayos."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa. Sikwenda hata nyumbani kuchukua nguo.

Siku yangu ya kwanza Matayos nilipewa kazi ya mifuko. Kila mita moja tunayochimba, hewa inapandisha unga wa mwamba uliosagwa, na mtu mmoja anaukinga kwa koleo, anautia kwenye mfuko mdogo na kuupanga chini kwa safu, ili mchimbaji aweze kutembea kando ya safu hiyo na kuona ardhi jinsi ilivyo kutoka juu mpaka chini. Udongo mwekundu, kisha wa njano, kisha mwamba uliooza, kisha mwamba mzima. Nilipanga mifuko yangu kwa kamba ili inyooke. Mzee Omuse akaja akachukua unga kidogo, akausugua kati ya vidole, akautia ulimini, akatema.

"Safu imenyooka," akasema. "Sasa niambie ndani yake kuna nini."

Sikujua. Akanifundisha. Unga ukiwa mkavu na wa kijivu, mwamba bado mzima. Ukianza kuwa na kutu, maji yaliwahi kupita hapo. Ukitoka vipande vikubwa badala ya unga, kuna ufa, shika vizuri leva za kuendeshea mashine. Alinifundisha kusikiliza nyundo: ikigonga kwa sauti kavu iko kwenye mwamba, ikizubaa imeingia mahali laini. Alinifundisha kusimama bila kuegemea kitu, kwa sababu nyayo husikia mtetemo kabla ya masikio. Alinifundisha kupaka grisi kwenye meno ya vyuma. Vyuma ni yale mabomba mazito tunayounganisha moja juu ya lingine kuifikisha nyundo chini. Mimi nilikuwa nafuta meno hayo mara tatu kabla ya kupaka. Alisema mara moja inatosha. Nikaendelea kufuta mara tatu, ila nilianza kufanya hivyo akiwa ameangalia upande mwingine.

Na alinifundisha sheria moja iliyokuwa juu ya zote. Vyuma vikiwa ardhini, mashine haizimwi. Hewa ikikatika, ule unga wote unaoelea ndani ya shimo unashuka na kuifunika nyundo, kuta zinaporomoka, na vyuma vyako vinabaki huko milele. Kwa sababu hiyo tulikula tukiwa tumesimama, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye leva. Mzee Omuse aliwahi kuletewa habari ya msiba wa kaka yake akiwa kazini. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akachimba mpaka jioni, akatoa vyuma vyote, ndipo akakaa chini akalia. Tulimheshimu sana kwa hilo. Leo sina hakika kama tulipaswa.

Baada ya Rukala sikuweza kumwangalia mwenye kampuni usoni. Tulimwita Madam, na jina lake jingine halina kazi hapa. Alikuwa mwanamke wa Busia mjini aliyeanza kwa kuuza pampu za mkono, akanunua rigi moja iliyochoka, akaifufua. Hakunifukuza. Alisema tu, "Umenichimbia kisima cha uji," na yadi nzima ikacheka, na tangu hapo jina langu likawa Uji. Nilivumilia miezi michache, kisha nikasikia kwamba kule Turkana visima vya mafuta vinatafuta vibarua. Nikaenda.

Kule nilikuwa mtu wa chini kabisa. Wanaodhani mchimbaji wa mafuta hushinda akitazama mafuta yakiruka hewani wakae chini. Kwa muda wote niliokuwa huko sikuona mafuta hata tone. Niliona tope. Kisima cha mafuta huchimbwa kwa tope maalumu linalozungushwa chini na kurudi juu, na kazi yangu ilikuwa kulichanganya, kuangalia kina chake kwenye mabwawa, na kupiga kelele kikipanda au kushuka bila sababu. Kikipanda, kuna kitu chini kinasukuma, na kitu hicho kinaweza kuwa gesi. Nilipima vyuma kwa futi, nikavisafisha, nikapaka grisi, nikafagia sitaha, ile sakafu ya mtambo, nikaanza tena. Kwa mtu mwenye ugonjwa wangu wa kurudia vitu, ilikuwa kama likizo. Huko kurudia ndiyo kazi yenyewe. Hakuna aliyeniita Uji.

Lakini nililotoka nalo huko si ufundi wa tope. Kulikuwa na mfagiaji mwenzangu, Mturkana mmoja mpole aliyeitwa Ekai. Mchana mmoja, mtambo ukiwa umeinua vyuma hewani, Ekai aliweka fagio chini akanyoosha mkono juu. Mtambo wote ukasimama. Mtambo huo ni mkubwa kuliko jumba lolote nililokuwa nimewahi kuliona, na ukasimama kwa mkono wa mtu mwenye fagio. Alikuwa ameona kama pini ya kwenye winchi inayoshikilia vyuma hivyo haipo. Msimamizi akapanda, akakagua, akashuka. Pini ilikuwepo. Ilikuwa imepakwa rangi mpya tu, haikuonekana kutoka chini. Nikangoja nione Ekai akifokewa. Msimamizi akampa mkono, akasema, "Kesho ukiona tena, inua tena," na kazi ikaendelea.

Nilifikiria mkono ule kwa muda mrefu. Kazi kule ilipopungua tukarudishwa makwetu, na nikarudi Busia nikiwa bado naufikiria.

Madam alinipokea bila hotuba. "Uji amerudi. Sasa amekuwa uji wa mafuta." Ila alinikabidhi leva. Nikawa mchimbaji. Aliyekuwa akishika vyuma mbele yangu, kuviinua na kuviunganisha, alikuwa Wandera, Msamia wa rika langu aliyejaa maneno, baba wa mapacha. Mzee Omuse, magoti yakiwa yamemchosha, alihamia kwenye kompresa, ile mashine inayosukuma hewa. Yeye aliyenifundisha akawa ananisikiliza mimi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nilikuwa na woga wa kusahau kitu. Naliandika hili kwa sababu najua mmoja wenu analo na anadhani ni yeye peke yake. Nilikuwa nakagua kila boliti, napanda kwenye lori, nashuka, nakagua tena. Wandera alikuwa akinisubiri na wimbo wa kunikejeli, kisha ananiuliza, "Tayari, daktari?" Nikisema tayari, tunachimba. Hatukuwahi kuumiza mtu.

Sasa nimefika Sigalame.

Ilikuwa shule moja ya upande huo, kwenye mwamba mgumu wenye chuma ndani yake. Kisima cha zamani kilikuwa kimekauka na wanafunzi walikuwa wanateka maji mtoni. Tulikuwa tumeshuka kina kirefu, unga umeanza kuwa na kutu, kila mmoja wetu akihisi maji yako karibu. Madam mwenyewe alikuja na gambuti zake kushuhudia. Wingu likaanza kujengeka nyuma ya vilima vya Samia kama linavyojengeka karibu kila alasiri katika miezi ya mvua, na sisi tukafanya kama tulivyofanya kila alasiri. Tukaendelea.

Mtu ambaye hajafanya kazi hii aelewe picha. Mlingoti wa rigi umesimama juu kuliko jengo lolote la shule, juu kuliko mikaratusi ya ua. Ni chuma kuanzia kileleni mpaka kwenye mwamba chini kabisa. Chini ya mlingoti huo amesimama Wandera, glavu zimelowa, amekumbatia chuma. Na hapa kwetu radi si hadithi. Kila mtu Busia anajua ng'ombe waliopigwa pamoja chini ya mti, anajua boma, anajua jina.

Ngurumo ya kwanza niliisikia kwa nyayo, si kwa masikio. Ya pili ikaja haraka zaidi. Nikaona mwanga ukishuka juu ya kilima, na kabla sijafikiri nikainua nyundo kutoka chini kidogo, nikampa Mzee Omuse ishara ya mkono shingoni. Zima.

Hakuzima. Alinitazama kama nimemtukana.

"Vyuma viko chini!" akapiga kelele.

"Najua, mzee! Zima!"

Madam akaja mbio na mwavuli. "Kuna nini?"

"Nazima, Madam."

"Unazima nini? Vyuma viko wapi?"

"Chini."

"Basi huzimi. Hii mvua mimi nimezaliwa nayo. Inapiga kelele hapa inaenda Uganda."

"Ikienda Uganda tutawasha."

"Na ukiwasha ukute vyuma vimeshikwa?"

"Vitakuwa vimeshikwa."

"Unaongea hivyo kama ni vyako!" Akanigeukia akaniangalia kutoka gambuti mpaka helmeti. "Ulienda kwa watu wa mafuta jasiri, wakakurudisha mwoga. Toa vyuma kimoja kimoja basi, kama unaogopa."

Hilo lilikuwa wazo la busara, na ndilo lililonitisha zaidi. Kutoa vyuma kimoja kimoja kutoka kina kile kungechukua muda mrefu, na kila kimoja kingetolewa na mikono ya Wandera chini ya mlingoti ule. Nikamwangalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na mzaha.

"Amueni haraka," akasema. "Mimi ndiye niko hapa na chuma."

Nikaacha leva. Mchimbaji haachi leva, lakini niliziacha. Nikatembea mpaka kwenye kompresa, Mzee Omuse akiwa amesimama mbele yake, na sikumsukuma, nilipitisha mkono kando ya kiuno chake nikazima. Kisha nikarudi nikazima injini ya rigi. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko ngurumo. Sote tulisikia shimoni unga ukianza kushuka, mlio kama wa mchele unaomiminwa kwenye sufuria.

"Wandera, toka hapo. Watu wote waingie darasani."

Wakaingia. Hata Madam aliingia, kwa sababu upepo uliuchukua mwavuli wake.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, tukitazama rigi dirishani. Mwalimu mmoja alituletea chai. Mvua ilipiga, radi ilitembea upande wa vilima, ikatembea upande wa pili, ikaenda zake. Haikupiga rigi. Haikupiga mkaratusi. Haikupiga hata kuku. Jua lilipotoka, mlingoti ulikuwa umesimama unang'aa kama umeoshwa kwa makusudi.

"Imeenda Uganda," akasema Madam.

"Angalau chai tumepata," akasema Wandera.

Vyuma havikutoka. Tuliwasha, tukavuta mpaka lori lote likainama, tukapuliza, tukamwaga povu, tukagonga. Kule kwenye mafuta kazi ya kutoa vyuma vilivyonasa huitwa kuvua, kama samaki, nami nilijaribu kila mbinu ya kuvua niliyowahi kuiona. Tulihangaika siku kadhaa. Mwishowe tukakata, tukaacha chini nyundo na karibu vyuma vyote. Madam alisimama kando ya shimo akinitazama. Hakunifokea. Alisema, "Nenda nyumbani ukapumzike na uoga wako," na nikajua kupumzika huko hakuna tarehe ya kurudi. Wenzangu hawakuniaga. Shimo lisilokamilika ni kazi isiyokamilika kwa kila mtu, na mimi ndiye niliyewafanya warudi nyumbani mikono mitupu. Mzee Omuse alipanda kwenye lori bila kunitazama. Alirudi yeye kwenye leva, wakachimba shimo jingine mita chache pembeni na vyuma vya kuazima, na maji yakaja. Shule ile inayanywa mpaka leo.

Nilikaa nyumbani nikijilaumu. Nilijiambia kwamba sina tofauti na yule wa Rukala. Kule niliona chembe nikaharibu kisima. Huku niliona wingu nikaharibu kisima. Mtu asiyejua kitu kimetosha lini hafai kushika leva. Mke wangu alichoka kunisikiliza. Akaniambia, "Jiulize kule ulikuwa unamlinda nani, na huku ulikuwa unamlinda nani." Nikajiuliza. Rukala nilikuwa nalinda jina langu. Hakuna mtu angeumia kwa chembe ile. Sigalame sikuwa nafikiria jina langu hata kidogo. Niliona glavu zilizolowa.

Hapo ndipo nilipoacha kuomba msamaha, na sijaanza tena. Wengi wamenijia na hoja ile ile: lakini radi haikupiga. Wanaitoa kama mtu anayetoa karata kubwa ya mwisho. Najua haikupiga, nilikuwepo. Winchi ya Ekai pia ilikuwa na pini yake. Aliyesimamisha mtambo wakati ule hakuwa na macho ya kuona kesho, na mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na wingu, mlingoti, na baba wa mapacha. Mkinirudisha pale alasiri ile, nikijua kabisa kwamba radi itapita na vyuma vitabaki, nitazima. Kama hilo ni uoga, basi mniandikie mwoga kwa herufi kubwa mlangoni.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kunikosoa kuhusu siku ile nikakubali. Mzee Omuse alikuja Malaba, miezi imepita, akakaa kwenye kigoda changu, akanywa chai yote. Kisha akasema, "Ulikosea."

"Mzee, kama ni ile sheria yako ya vyuma..."

"Nyamaza. Wingu uliliona saa ngapi?"

"Likiwa nyuma ya kilima."

"Na ukafanya nini?"

"Nikaendelea."

"Hapo. Hapo ndipo ulipokosea. Ungetoa vyuma likiwa bado nyuma ya kilima, Wandera angekuwa salama na vyuma vingekuwa juu. Ulingoja mpaka uwe na vitu viwili vya kuchagua." Akaangalia chini. "Mimi nimengoja hivyo maisha yangu yote. Nilikuwa na bahati tu. Nikakufundisha bahati nikidhani nakufundisha kazi."

Nikamwongezea chai. Ni fundi aliyenikuta nikirudia nati kwenye foleni akaona ninafaa, na kumsikia akisema hivyo kuliniuma kuliko kufukuzwa. Lakini alikuwa sahihi, na nawaambia ninyi kwa maneno yake: wingu likiwa nyuma ya kilima ndiyo saa ya kuanza kutoa vyuma.

Baadaye nilichimba kwa kampuni nyingine, Teso yote mpaka ukingoni mwa mto, na kila alasiri ya wingu nilitoa vyuma mapema. Wateja walinung'unika kwamba wana fundi anayeogopa kivuli. Nilichimba polepole kuliko wenzangu. Sikuacha chuma chochote ardhini tena, na sikuacha mtu. Nilipogundua kwamba sisikii tena nyundo ikibadilisha sauti, kwamba nakisia, nilishuka kwenye leva siku hiyo hiyo. Wengine hubaki wakikisia kwa miaka. Mimi siwezi, nitaugua.

Wandera sasa ndiye anayeshika leva kwa Madam. Msimu wake wa kwanza, kule Matayos, wingu likaja, akatoa vyuma bila kuuliza mtu, akalaza mlingoti, akakaa. Madam akampigia simu kumfokea. Wandera akamwambia, "Madam, nifukuze basi, lakini utafukuza wangapi?" Wiki hiyo hiyo mchimbaji wa rigi ya pili ya Madam akafanya vivyo hivyo. Nasikia siku hizi Madam huwaelezea wateja kwamba kusimamisha kazi mvua ikikaribia ni kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe tangu mwanzo. Mwacheni aseme. Kanuni ni nzuri hata ikiwa na mama mwingine.

Nani kati yenu atakumbuka jina langu si muhimu. Kilichobadilika ni hiki. Kwenye yadi ile sasa, wingu likionekana, vyuma vinatolewa, mlingoti unalazwa, na watu wanaingia ndani mpaka anga litulie. Anayepanga mifuko akiinua mkono, mashine inasimama. Hakuna anayepiga simu kuomba ruhusa kwanza.